Elevata na usukani, aileroni au jairo: ipi ufunge kwenye kindege chako cha povu huku Kigoma

Kuna hivi vindege vya rimoti vya povu vyenye mota mbili ndogo kwenye mabawa, watu wanaagiza Kariakoo vinakuja na basi au treni, unatoa kwenye boksi unachaji unarusha, na ukirusha asubuhi hewa ikiwa imetulia utajiona rubani kabisa. Kipeleke sasa Kibirizi saa tisa mchana upepo wa ziwa ukishaamka, kinapanda chenyewe bila kuambiwa, kinageukia kinakotaka, kinaishia juu ya mchikichi na watoto wamekuzunguka kila mmoja na jiwe lake mkononi anasubiri ruhusa ya kukiangusha. Mtu anaondoka anasema ndege mbovu. Sio mbovu bana, haina tu vya kuiongozea, na hapo ndo swali linapokuja: nifunge nini?

Majibu huwa matatu. Kufunga elevata (kibawa kilicholala kinachoinua na kushusha pua) na usukani (kile kilichosimama kinachogeuza pua kushoto na kulia) kwenye mkia, au kukata aileroni (vibawa vinavyoilaza ndege upande) kwenye mabawa, au kuweka jairo, ile saketi ndogo inayohisi ndege ikiyumba halafu inairudisha. Mi niseme mapema ninakoegemea ili usisome mpaka chini ndo ujue: kwa ndege iliyo chini ya gramu 100 na upepo wetu huu, elevata na usukani kwanza, jairo baadaye kama hela ipo, na aileroni kwa ndege ya saizi hii mara nyingi unajitafutia kazi tu. Kuna watu wachache hili haliwahusu, nao nitawafikia.

Ilivyotoka dukani

Vingi vya hivi havina kibawa hata kimoja kinachocheza. Ukisukuma kijiti kushoto mota ya kushoto inapungua, ya kulia inasukuma zaidi, pua inavutwa kushoto, na kwa kuwa mabawa yameinuliwa ncha zake juu kidogo basi ndege ikienda upande lile bawa lililotangulia linainuka, ndege inalala, kona inapatikana. Kupanda ni kuongeza moto, yaani nguvu ya mota, kushuka ni kupunguza. Basi, mfumo mzima ndo huo.

Sasa angalia shida yake. Unataka kutua, unapunguza moto mpaka mwisho, na ukishapunguza mota hazisukumi tena kwa hiyo na kugeuka hakupo tena, yaani pale pale unapohitaji kuiongoza kuliko wakati wote ndo huna kitu mkononi. Ya pili, hamna cha kushusha pua. Upepo ukiipiga kwa mbele mabawa yanabeba zaidi, pua inainuka, ukipunguza moto ili ishuke haina nguvu ya kwenda mbele na upepo unairudisha nyuma, na mchana upepo wetu unatoka ziwani kuja nchi kavu kwa hiyo inakopelekwa ni milimani kwenye mapaa ya watu. Kuanzia Mei mpaka Septemba ndo usiseme, ule upepo wa kusini ukishika ziwa hata wavuvi wanaupigia hesabu.

Ukitaka kwa namba: ndege ya gramu 60 yenye bawa la sentimita 48 kwa 10 inahitaji kama mita 5 kwa sekunde ndo ibaki hewani, hiyo ni kilomita 18 kwa saa. Upepo ukifika hapo na ndege yako ikaenda polepole kabisa, unaiona imesimama palepale juu haisogei mbele. Afu ziwa lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 7 hivi na joto la mchana linaipunguza tena, kwa hiyo video ya mtu anayerusha ufukweni mwa bahari isikudanganye, ndege ileile huku inataka spidi kidogo zaidi.

Gramu ndo hakimu

Kabla ya kulinganisha vitu vitatu hivi inabidi tuelewane kuhusu uzito maana ndo unaoamua karibu kila kitu. Spidi ya chini ya ndege inapanda kwa kipeuo cha pili cha uzito, sio moja kwa moja. Ile ya gramu 60 ukiiongezea gramu 10, spidi yake ya chini inapanda kama asilimia 8, hutaisikia sana. Ukiiongezea gramu 26 (sevo mbili, yaani vile vimota vinavyovuta vibawa, za aina ya SG90 za gramu 9 kila moja, risiva kubwa inayopokea amri za rimoti, waya na fito za kuvutia vibawa), inapanda karibu asilimia 20, na hapo mota zile za burashi zinaanza kulia, betri inaisha haraka na ukiitupa kwa mkono inazama kabla haijashika hewa.

Ila nisikudanganye pia, uzito kidogo kwenye upepo una faida yake, ndege ya gramu 70 inapenya upepo kuliko ya 60. Tatizo ni gramu zinapokaa. Gramu moja mkiani, umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye balansi (pale ndege inapokaa sawa ukiishika), inadai gramu mbili na nusu puani kama pua yako ina sentimita 10 tu. Ndo maana spoku ya baiskeli ambayo watu wanaipenda kwa kuwa ipo kila kona, nzima yake ni kama gramu 7, ukiifanya fito ya elevata umejiongezea mzigo ambao hautakuacha.

Na kitu cha bure ambacho wengi wanakiruka: shika ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, robo mpaka theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka mbele. Ikikaa sawa au pua ikiinama kidogo iko poa. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele kabla hujanunua hata sevo moja, maana ndege yenye mkia mzito hamna elevata wala jairo itakayoinyoosha vizuri. Itazame kwa nyuma pia, bawa moja likiwa limepinda tofauti na jingine linyooshe taratibu kwenye mvuke wa birika. Kuna ndege zinazosemwa hazina uongozaji kumbe bawa lilipindia ndani ya boksi njiani.

Elevata na usukani

Hapa ndo nitakaa, kwa sababu ndo kazi inayolipa. Elevata inakupa kushusha na kuinua pua, usukani wa mkia unageuza hata mota zikiwa zimezimwa. Yale mabawa yaliyoinuliwa ncha usiyaguse, ndo yanayogeuza msukumo wa usukani kuwa kona. Inachelewa kidogo, unasukuma kijiti halafu nusu sekunde ndo inalala, na kwa anayejifunza uchelewevu huo ni rafiki.

Kazi yenyewe mezani iko hivi. Chukua bawa la mkia, kata theluthi ya nyuma kwa wembe mpya (wembe butu unang'oa povu vipande vipande). Ukingo wa mbele wa hicho kipande ulichokata uchongwe mshazari wa digrii 45 upande wa chini ili kikishuka kisigombane na mwenzake. Rudisha vipande vikaribiane, piga selotepu juu urefu wote, kisha kunja elevata ilale kabisa juu ya mkia, utaona ule mwanya umefunguka, piga na huko ukanda mwingine. Ukirudisha inacheza laini na haina ulegevu. Usukani unafanywa hivyohivyo.

Pembe, kile kipande kinachobandikwa kwenye kibawa ili fito ikivute, unaitoa kwenye kile kiplastiki kinachobaki ukishabandua laini ya simu, kigumu, chepesi, kinakatika kwa mkasi, matundu unatoboa kwa sindano ya moto, toboa matatu. Ukifunga fito kwenye tundu lililo karibu na mkia elevata inacheza sana, ukifunga lile la mbali inacheza kidogo. Upande wa sevo ni kinyume, mbali ndo inacheza sana. Anza na kidogo. Elevata ya upana wa sentimita 3 ikicheza milimita 5 juu na 5 chini, hizo ni kama digrii 10, zinatosha kabisa kwa kuanzia, usukani mpe 20 mpaka 25.

Fito tumia kijiti cha mshikaki, kwenye ncha funga kiwaya cha klipu ya karatasi, zungushia uzi, tone la supa gluu. Angalia tu povu lako ni la aina gani, lile jeupe la punje-punje linalokuja na friji na tivii supa gluu ya kawaida inalila mpaka linabaki shimo, lakini lile laini linalonesa la ndege nyingi za dukani linaivumilia. Jaribu kwenye kipande cha kutupa. Gluu ya kuyeyusha ni sawa ila ina uzito, mtu anaimwaga mkiani anasahau ile hesabu ya gramu mbili na nusu.

Sevo: zipo ndogo za gramu 2 hivi zinazokubali betri ya seli moja ya volti 3.7, hizo ndo zako. SG90 ni rahisi kupata kwa kuwa wanafunzi wa elektroniki wanazitumia sana, ila zimetengenezwa kwa volti 4.8 kwenda juu, kwenye seli moja zinacheza kivivu na uzito ndo ule.

Kero kubwa ya chaguo hili ni risiva. Ubao uliokuja na ndege kwa kawaida hauna pa kuchomeka sevo, kwa hiyo unaung'oa, unaweka risiva ndogo na kidhibiti cha mota za burashi, na rimoti inabidi iwe nyingine inayoelewana nayo. Mota zote mbili unaziunga pamoja zisukume sawa. Waya zile ni nyembamba mno, kama huna mkono mpe fundi simu, pale Mwanga wapo wanaochomelea vitu vidogo kuliko hivyo kutwa nzima, mwambie tu asiweke risasi nyingi. Gharama hii ya risiva na rimoti lakini usiihesabu kama dosari ya elevata peke yake, maana aileroni nayo inaidai yote.

Aileroni

Mtu akishaona ndege inabiringika angani anataka aileroni. Namwelewa. Ndege inalala hapohapo unapogusa kijiti, hamna kusubiri, na kwenye upepo unaoinua bawa moja ghafla unalirudisha mara moja. Kwa ndege kubwa hakuna ubishi.

Kwenye kindege cha sentimita 48 mambo ni mengine. Kwanza mabawa inabidi uyalaze, maana ncha zikiwa juu zinapigana na aileroni, na ukiyalaza umepoteza ule utulivu wa kujirudisha wenyewe. Pili povu jembamba linapinda: aileroni inashuka, badala ya kuinua bawa inalisokota, ndege inaitika kidogo au haiitiki kabisa, kwa hiyo unaongeza fito ya kaboni au mianzi ndani ya bawa, na huo ni uzito tena. Tatu ni ile pua kwenda kinyume. Aileroni inayoshuka inaongeza kubeba na pia inaongeza kuvuta nyuma, basi unalala kushoto pua inakwenda kulia. Wilbur Wright na mdogo wake Orville, wale waanzilishi wa ndege, walikutana na jambo hilihili kwenye vitelezi vyao vya mwaka 1901 na 1902, wao walikuwa wanasokota bawa zima, na walichofanya ni kuweka usukani unaocheza mkiani. Kwa hiyo hata hao waliishia kwenye usukani! Leo unaweza kupunguza hali hiyo kwa kufanya aileroni ipande mara mbili ya inavyoshuka, rimoti nyingi za chaneli sita zinakubali ukitumia sevo mbili.

Na elevata bado unaihitaji, hakuna anayerusha ndege kama hii na aileroni tupu. Kwa hiyo ukihesabu sawasawa aileroni sio mbadala wa elevata na usukani, ni elevata pamoja na sevo mbili za bawani pamoja na fito. Ndo maana nikasema kwa saizi hii unajitafutia kazi.

Jairo

Hii ndo inauzwa kwa maneno matamu kuliko zote. Kinachofanyika ni kwamba kuna kichipu kinapima kasi ya kuyumba, ndege ikiyumbishwa na upepo kinapeleka amri ya kupinga kabla jicho lako halijaona. Zenye hali ya kujisawazisha zinapima pia upande wa chini uko wapi, ukiachia kijiti ndege inanyooka yenyewe. Uzito wake gramu chache. Kwa mtoto au mtu mzima anayeanza ni kitu kizuri kweli.

Ila jairo haikuongezei uongozaji, inautumia ule ulionao. Ukiiweka kwenye ndege ya mota mbili isiyo na kibawa, inacheza na mota tu, na ukizima moto utue nayo imezimika. Ni kondakta makini kwenye hiace isiyo na usukani. Vindege vingi vipya vinakuja nayo tayari ndani na ndo maana asubuhi vinanyooka vizuri, mchana upepo ukipanda unashangaa mbona imeacha kufanya kazi. Haijaacha, imefika mwisho wa uwezo wa mota.

Kingine, jairo inaficha makosa ya fundi. Balansi mbaya, elevata yenye ulegevu, bawa lililopinda, vyote inavifunika hewa ikiwa tulivu halafu vinatoka kwa pamoja siku ya upepo. Na ukiipa nguvu nyingi ndege inaanza kutetemeka mkia juu chini juu chini, hapo punguza, usibadilishe sevo.

Zikiwekwa pamoja

Upepo wa mchana: elevata inashinda, kwa sababu adui mkubwa wa ndege nyepesi ni pua kuinuliwa, na elevata tu ndo inaishusha. Elevata na jairo pamoja ni bora zaidi ya hapo. Aileroni inasaidia ukiwa na mkono uliokwishazoea, vinginevyo unapishana na upepo kila unapousahihisha.

Kutua: usukani na elevata, mbali sana na wengine. Unazima moto mita kumi juu, unaielekeza kwenye nyasi, unainua pua kidogo mwishoni.

Kuanguka, maana itaanguka: mkia ukivunjika unatengenezwa na selotepu na jioni hiyohiyo unarusha. Bawa lenye aileroni likikatika umekata na waya, fito na meno ya sevo. Jairo yenyewe haivunjiki kirahisi, ila ikibanduka na kukaa pembe nyingine kidogo, ndege inaruka upande, na hilo linasumbua kuligundua.

Mfukoni: kama ndege yako ilikuja na jairo ndani na unarusha asubuhi tu kabla ya upepo, usinunue chochote, sogeza betri ufurahie. Jioni nayo ipo, huku jua linazama karibu dakika 40 nyuma ya Dar, saa kumi na mbili na nusu bado unaona vizuri na upepo wa ziwa unakuwa umeanza kulegea. Kama unataka mchana, risiva na rimoti hazikwepeki, na ukishazilipia hizo sevo mbili ndogo ni nyongeza tu. Ukinunua risiva angalia zipo zenye sevo mbili na jairo vyote kwenye kibao kimoja, hizo zinaokoa gramu na zinaokoa safari ya kwa fundi.

Kabla ya kurusha chochote chenye jairo, washa ndege ikiwa imetulia chini usiiguse sekunde kadhaa mpaka ijipime, halafu inyanyue uipime kwa mkono. Inua pua ghafla: elevata ishuke. Sukumia pua kulia: usukani uende kushoto. Shusha bawa la kushoto: aileroni ya kushoto ishuke, ya kulia ipande. Kwenye ya mota mbili, toa propela kwanza, sukumia pua kulia na mota ya kulia ndo iongeze. Kimoja kikienda kinyume, badilisha mwelekeo kwenye jairo yenyewe na sio kwenye rimoti, maana ukibadilisha kwenye rimoti vijiti vitageuka lakini jairo itaendelea kuiangusha kwa bidii.

Na wale niliosema haliwahusu: kama una ndege ya bawa la mita moja kwenda juu, mota isiyo na burashi, betri ya seli mbili au tatu, hapo SG90 nne ni uzito wa kawaida, aileroni inalipa na utajuta usipoifunga. Hiyo lakini usiirushe Katonga juu ya watu wanaoanika dagaa wala karibu na uwanja wa ndege, na kabla hujaipandisha waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wanataka nini, ni bora uambiwe ofisini kuliko uambiwe uwanjani ukiwa umeshika rimoti.